GSR yenye kila kitu au RS iliyovuliwa kila kitu: pesa inunue nini?

MtotoWaIsevya, Tabora

Wakuu salaam. Naomba tulijadili hili kwa utulivu, maana nimelibeba kichwani muda mrefu na hapa Tabora watu wa kukaa nao chini tukaliongea wanahesabika.

Ninaendesha Altezza RS200 ya gia za mkono, ile yenye injini ya 3S-GE, nguvu farasi 210. Ni gari iliyonitunza. Inanipeleka Urambo na Kaliua kufuata asali, inanipeleka Nzega, na nikiwa na safari ya Dar napita nayo Itigi na Manyoni bila wasiwasi. Msimu huu asali imelipa, mpunga wa Igunga nao umelipa, na nimeamua kuagiza gari niliyoitamani tangu niko sekondari: Mitsubishi Lancer Evolution IX. Kwenye hilo sihitaji kushawishiwa. Ninachotaka kuelewa ni bei.

Evo IX ilipotoka Japani mwaka 2005, daraja la GSR, lenye kila kitu, liliuzwa yen 3,570,000. Daraja la RS, lililovuliwa, liliuzwa yen 2,940,000. Injini ni ileile ya 4G63, lita mbili na tabo, nguvu farasi 280 zote mbili. GSR ina AC, viti vya Recaro, breki za Brembo, gia sita, na ule mfumo wa AYC unaogawa nguvu kati ya tairi mbili za nyuma ukiwa kwenye kona. RS ni gari ya watu wa mashindano: AC hakuna, vioo vya mlangoni unazungusha kwa mkono, rimu za chuma, gia tano, na Brembo uliilipia pembeni kama uliitaka. Imepungua uzito kama kilo 90 hivi. Hapo nilielewa: umenunua vitu vichache, umelipa kidogo.

Sasa nikiangalia matangazo ya leo, RS safi inaombwa bei ya GSR, na nyingine inaipita. Halafu nikigeukia Porsche nakuta mambo yamepinduka kabisa tangu dukani. Kule Marekani 911 Carrera ya mwaka 2020 ilianzia dola 97,400. GT3 ya kizazi hichohicho ikaja kuanzia dola 161,100, na viti vya nyuma haina, kelele ya barabara inaingia ndani, inakaa chini zaidi na saspensheni ni ngumu zaidi.

Kwa hiyo Japani ukivua vitu bei inashuka, Ujerumani ukivua vitu bei inapanda, na gari ikishazeeka hata ile ya Japani inapanda. Naomba mwenye kuelewa anieleweshe pesa inalipia nini hasa. Na la pili: mtu wa Tabora, ambako uwanja wa mbio wa lami haupo, anapoteza nini akichukua GSR, na anapata nini akichukua RS? Sitaki kununua jina. Nataka kila shilingi nijue imelala wapi.

Kiloleni Kwetu

Mkuu hongera kwa msimu. Ila kwa hela hiyo mimi ningechukua Prado nikalala usingizi. Barabara ya kwenda kwa warina asali unaijua mwenyewe, ukiiacha lami tu ni mchanga.

MtotoWaIsevya

Ahsante jirani. Kwa ajili ya porini nina pikapu, hiyo haiguswi. Hii nyingine ni ya moyo wangu na ya lami.

MtuWaUjiji, Koblenz

Kaka, mimi ni wa Ujiji, kazi imenileta Ujerumani, naishi Koblenz. Uwanja wa mbio wa Nürburgring uko chini ya saa moja kwa gari kutoka kwangu. Siku ambazo uwanja unafunguliwa kwa wananchi unalipia mzunguko mmoja wa kilomita 20.8, unaingia na gari lako lenye namba za barabarani. Kwa hiyo swali lako mimi huwa naliona limeegeshwa mbele ya macho yangu.

Kuna magari ya namna mbili ambayo watu huyaita ya uwanjani, na ukiyachanganya bei hazitaeleweka kamwe.

Namna ya kwanza ni gari la kuanzia. RS yako ni hiyo. Mfano mwingine mzuri ni Toyota GT86 ilipotoka Japani mwaka 2012. Ile yenye starehe zake, GT, ilikuwa yen 2,790,000. Wakatoa nyingine iitwayo RC kwa yen 1,990,000: AC hakuna, rimu za chuma, bampa hazijapakwa hata rangi. Mnunuzi wa RC anajulikana kiwandani. Siku anayolipokea anang'oa viti, anang'oa rimu, anang'oa shokapu, anaweka vya kwake. Mtengenezaji hana sababu ya kumuuzia vitu vitakavyoishia kona ya gereji. Thamani yote ya gari la namna hiyo iko kwenye kazi ambayo bado haijafanyika, na atakayeilipia ni wewe.

Namna ya pili ni gari ambalo kazi imeshafanywa na kiwanda. GT3 ni hiyo. Wewe umehesabu vilivyotolewa, hesabu na vilivyoingizwa. Injini ni lita 4.0 isiyo na tabo, inazunguka mpaka mara 9,000 kwa dakika. Oili yake inakaa kwenye tangi la pembeni na kuvutwa kwa pampu, ili kwenye kona ndefu isikimbilie upande mmoja injini ikabaki kavu. Mbele wameweka mikono miwili ya saspensheni kila upande, kitu ambacho Carrera haina. Diski za breki za mbele zina kipenyo cha milimita 408. Zile dola 63,700 za tofauti zimelala humo, viti vya nyuma ni jambo dogo.

Sasa sikiliza hili, maana kwangu ndilo linalokata mzizi. Ndani ya kizazi hichohicho kuna 911 Turbo S iliyotoka mwaka 2020. Ilianzia dola 203,500, ghali kuliko GT3 kwa zaidi ya dola elfu arobaini. Ina nguvu farasi 640 kwa 502 za GT3. Kutoka sifuri mpaka kilomita 100 kwa saa Turbo S inatumia sekunde 2.7, GT3 sekunde 3.4. Ukiwa na Turbo S barabarani GT3 huioni hata kwa kioo. Lakini ndani ya Nürburgring Turbo S imezunguka kwa dakika 7 na sekunde 17, GT3 kwa dakika 6 na sekunde 55. Gari dogo kwa nguvu na dogo kwa bei limeshinda kwa zaidi ya sekunde ishirini. Ile ghali zaidi inakuuzia raha ya barabara: tairi zote nne zinavuta, mvua ikinyesha hushtuki, unasafiri na mizigo na mkeo, hamchoki. Zote mbili ni thamani halali. Ila ni thamani za watu wawili tofauti.

Na uimara huo uwanjani unauona kwa macho. Sedani lenye nguvu nyingi linatoka kwenye mzunguko, breki zinanuka mpaka unageuza uso, kanyagio limelegea linazama karibu na sakafu, dereva anakaa pembeni muda mrefu akisubiri vipoe. GT3 linatoka, dereva anapima upepo wa tairi, anatoa kidogo kwa sababu tairi zimepata joto na upepo umepanda, anarudi ndani. Alichonunua ni ule mzunguko wa pili, na wa tatu, na wa kumi. Wa kwanza hata yule wa sedani aliufanya.

Kuhusu RS kupanda bei ikizeeka: hilo si la Evo tu. Porsche 911 Carrera RS 2.7 ya mwaka 1973 ilikuwa mark 34,000 za Ujerumani. Kuilipia kama Touring, yenye starehe, uliongeza mark 2,500. Kuilipia kama Sport, nyepesi, uliongeza mark 700 tu. Yaani dukani nyepesi ilikuwa rahisi. Wateja wengi wakachukua Touring. Katika magari 1,580 yaliyotengenezwa, Sport zilikuwa 200. Leo Sport ndiyo inayoombwa pesa nyingi zaidi. Watu walinunua starehe wakati gari ni jipya, sasa wanalipia uchache. RS yako imepita njia hiyohiyo, na yenyewe ina balaa la ziada kwamba nyingi zilipelekwa kwenye mashindano zikapondwa.

MtotoWaIsevya

Kaka wa Ujiji, umenifungua macho. Sijawahi kuona mtu akitenganisha hizo namna mbili. Kwa hiyo RS ya mwaka 2005 nikiinunua leo kwa bei ya GSR, nalipia uchache, na kazi yenyewe bado haijafanyika? Hapo panauma.

MtuWaUjiji, Koblenz

Ndiyo. Unalipia uchache, kisha unalipia kazi. Isipokuwa ukiikuta imeshafanyiwa kazi na mtu unayemwamini.

Binti Uyui, Dar

Kaka, mimi ni wa nyumbani huko, nafanya kazi ya kutoa magari bandarini, naomba niongeze upande wa ushuru maana kwenye mijadala ya bei watu huwa wanausahau kabisa.

GSR na RS zote injini ni chini kidogo ya sisi (cc) 2,000, kwa hiyo kwenye viwango ziko sawa. Ushuru wa forodha ni asilimia 25 ya thamani ya gari pamoja na usafiri na bima mpaka Dar. Juu ya jumla hiyo unakuja ushuru wa bidhaa wa asilimia 5 kwa injini ya sisi 1,000 mpaka 2,000. Ikizidi 2,000 ni asilimia 10. Halafu kwa kuwa gari ina zaidi ya miaka kumi, kuna asilimia 30 nyingine ya uchakavu. Mwisho VAT asilimia 18 juu ya vyote hivyo. Tuchukue thamani ni shilingi 100: forodha 25 inakuwa 125, ile 5 na ile 30 kwa pamoja ni karibu 44, inakuwa 169, VAT inaongeza karibu 30. Shilingi 100 imekuwa karibu 200, na tozo ndogondogo za bandarini bado.

Maana yake kwako ni hii. Kila yen unayoongeza Japani ili upate RS badala ya GSR, hapa inalipwa mara mbili. Na TRA wanatumia thamani iliyo kwenye mfumo wao, haitegemei risiti yako peke yake. Piga hesabu kwenye kikokotoo chao kabla hujatuma hata senti, viwango hubadilika bajeti ikisomwa.

Na jambo jingine: vitu utakavyokuja kuviongeza kwenye RS, yaani kompresa ya AC, viti, Brembo, navyo vitaingia kwa ushuru wake. Ukinunua GSR vimeshaingia ndani ya gari.

FundiGungu, Kigoma

Ndugu yangu wa Tabora, nimesoma yote tangu mwanzo. Mimi ni fundi, nipo Gungu, kabla ya hapo nilikuwa Dar kwenye gereji iliyokuwa inatengeneza magari ya reli, yaani mbio za rally. Evo nimezifungua, RS na GSR. Nitaongea ya mikononi mwangu.

Kwanza, elewa kilo 90 zimetoka wapi. Nyanyua kapeti la RS uone. Kwenye GSR chini ya kapeti kuna zile shuka nzito za lami za kuzuia kelele, zimegandishwa kwenye bati. RS karibu zote hazipo, unaona rangi ya bodi na alama za kuchomelea. Nyuma ya dashibodi waya ni pungufu. Mlangoni ukifungua kava hakuna mota. Sasa iendeshe hiyo kwenye kipande cha kokoto, mawe yanapiga chini kama mvua kubwa kwenye paa la bati, huwezi kuongea na aliyekaa pembeni. Mwezi wa kumi, kabla mvua hazijaanza, joto la Kaliua unalijua. AC hakuna, unashusha kioo, vumbi lote linaingia, linakaa mpaka kwenye swichi. Dereva wa mashindano anavumilia kwa kuwa anaendesha kipande cha kilomita chache anapumzika. Wewe unatoka Tabora unakwenda Dodoma.

Kuirudishia AC si kununua kompresa tu. Ni kompresa, kondensa, mabomba, evapureta ndani ya dashibodi, na waya. Nimeifanya kazi hiyo kwenye Impreza moja iliyovuliwa vilevile, ile namna ya Spec C. Gharama ilimshangaza mwenyewe, na ilibidi dashibodi yote ishuke.

Pili, breki. Kaka wa Koblenz amesema vizuri kuhusu kanyagio linalozama. Hilo tatizo watu wanaliuguza kwa kununua gari ghali wakati mwanzo wake mara nyingi ni majimaji. Majimaji ya DOT 4 yakiwa mapya yanatakiwa yasichemke mpaka nyuzi 230. Lakini yanavuta unyevu hewani, na yakishalowa kiwango kinachokubalika kinashuka mpaka 155. Yakichemka yanatoa mapovu, na povu linabonyea, ndiyo maana kanyagio linakwenda chini. Gari nyingi zinazokuja kwangu majimaji yake yamekuwa meusi, mwenyewe hajawahi kuyabadilisha tangu aitoe bandarini. GSR yenye Brembo, majimaji mapya, mabomba yasiyovimba na pedi nzuri, kwa matumizi yoyote unayoweza kuyafanya kati ya Tabora na Dar kihalali, breki hizo huzimalizi. Vijijini ni kilomita 50 kwa saa, tochi zipo, rasta na matuta yapo. Breki ya kuzunguka Nürburgring mara kumi utaipeleka wapi?

Sasa nije kwenye jambo ambalo hakuna aliyeligusa, na ndilo lililonifanya niandike.

Ile AYC ya GSR unayoiona kama faida, mimi ndiyo naiogopa. Inaendeshwa na pampu ya haidroliki, na gari ikizeeka pampu hiyo inakufa. Ni ugonjwa unaojulikana wa Evo. Ikianza, taa inawaka kwenye dashibodi, AYC inajizima. Gari inatembea, lakini ile sifa uliyolipia haipo tena, na pampu mpya ni pesa nzito, huku kwetu hata ya mkononi unaitafuta. RS haina AYC. Ina difu ya makenika yenye sahani zinazobana, tairi moja ikipoteza mshiko nyingine inaendelea kusukuma. Unabadilisha oili, basi. Na giaboksi ya gia tano ya RS ni imara kuliko ile ya gia sita. Wanaoongeza nguvu kwenye Evo wanaitafuta hiyo ya tano.

Kwa hiyo RS ina vitu viwili vya maana kabisa kwa mtu wa Tabora, na vyote viwili havihusiani na wepesi: difu isiyotegemea AYC na giaboksi iliyo imara zaidi. Na GSR ina kitu kimoja cha maana, kwamba mtu anaweza kuishi ndani yake.

Mitsubishi nao waliliona hilo. Evo IX ilitoka kwa daraja tatu, na watu husahau ya katikati: GT. Dukani iliuzwa yen 3,297,000. Gia tano, difu ya makenika nyuma kama RS, na ndani starehe karibu na za GSR. Tofauti yake na GSR ni yen 273,000, na kilichoondolewa hasa ni vile vitu viwili, AYC na gia sita, ambavyo mimi kama fundi nisingependa uviletee gereji. Hiyo ndiyo gari yako. Ukiona tangazo limeandikwa Evo IX tu, usidhani ni GSR, omba picha ya kibati cha modeli na picha ya lever ya gia. Gia tano na ndani kuna AC, unaweza kuwa umeipata.

Navigeta wa Unyanyembe, Morogoro

Fundi nakuheshimu sana, na AYC umesema kweli tupu. Lakini RS mnaionea.

Mnaipima kwa uwanja wa lami, halafu mnasema uwanja wa lami haupo kwa hiyo haina faida. RS haikutengenezwa kwa ajili ya lami peke yake. Ilitengenezwa iende kwenye reli, na reli ya kwetu ni vumbi: Iringa, Morogoro, Tanga, Arusha. Mimi nimekaa kiti cha navigeta, yule anayemsomea dereva noti za njia, tena ndani ya RS, najua inavyoishi kwenye udongo mwekundu uliolowa. Jirani zetu Wakenya tangu mwaka 2021 Safari Rally imerudi kwenye ubingwa wa dunia, pale Naivasha. Kwa hiyo msiseme gari hiyo haina pa kwenda Afrika Mashariki. Ina pa kwenda pengi kuliko GT3.

Mtu anayetaka kushindana, RS ndiyo rahisi kuliko zote hata kwa bei ya leo. Akinunua GSR atalipia AC, viti na AYC, kisha atalipa fundi avitoe, kisha atalipia difu na keji ya chuma ya kuwakinga gari ikipinduka. Amelipa mara tatu.

Swali langu kwa mwenye mada ni moja. Je, una nia ya kushindana, kweli kabisa, yaani kulipia keji, helmeti, gari la kubeba spea, na tairi za kumaliza wikiendi moja? Kama ipo, chukua RS. Kama haipo, msikilize fundi.

MtotoWaIsevya

Wakuu, nawashukuru kwa dhati, hamkunijibu kwa mzaha hata mmoja.

Navigeta, nimejiuliza swali lako nikiwa nimekaa peke yangu, na jibu ni hapana. Napenda kuangalia reli, nimewahi kusafiri kwenda kuangalia, lakini kushindana ni maisha mengine na mimi nina watoto shuleni. Ninachotaka ni kuendesha. Asubuhi kabla jua halijapanda, barabara ya Itigi iko nyeupe, hakuna mtu, gia ya tatu, unasikia tabo inavuta. Hiyo ndiyo raha ninayoilipia, na haina haja ya kasi ya kuvunja sheria. Kwa hiyo wepesi wa kilo 90 sitautumia, na kukosa AC nitakutumia kila siku.

Hesabu yangu mpya baada ya somo la dada wa Uyui: tofauti ya bei ya RS ukiizidisha mara mbili kwa ajili ya ushuru, halafu ukaongeza kurudishia AC, inanitosha kufanya matengenezo yote makubwa ya GT na chenji ikabaki. Sikuwahi kuipanga hivyo. Nilikuwa naangalia bei ya Japani peke yake.

Nimebaki na mambo mawili. La kwanza, siku nikitaka kuuza, GT itanishikia thamani kama RS? La pili, fundi, nikishaipata, pesa ya kwanza iende wapi?

Binti Uyui, Dar

La kuuza nakujibu mimi. RS inashika thamani kwa watu wanaojua RS ni nini, na hao wako Dar, Arusha, Nairobi, tena wachache, na kila mmoja atataka kukagua kama haijawahi kupondwa. GT anainunua hata mtu ambaye anataka tu Evo yenye AC. Faida ya RS kwenye karatasi inaweza kuwa kubwa zaidi, ila gari inayosubiri mteja inasubiri na pesa yako ndani. Ungekuwa unaitunza kwenye banda kama akiba ningesema vingine. Wewe umeshasema ni ya kuendesha.

MtuWaUjiji, Koblenz

Naafiki. Hata huku, GT3 iliyotembea kilomita chache inauzwa kwa bei ya ajabu, na matokeo yake kuna watu wanaziogopa kuziendesha. Unawaona wanakuja uwanjani kutazama, wamekuja na gari lingine.

FundiGungu, Kigoma

Pesa ya kwanza iende kwenye mkanda wa taimingi. 4G63 mkanda ukikatika valvu zinagonga pistoni, injini imekwisha. Ni kazi ya kila kilomita 90,000 hadi 100,000, na ukinunua gari ya mkononi usiamini stika iliyobandikwa, badilisha. Kuna mkanda mdogo wa shafti za kusawazisha ndani humohumo, watu wanauacha kwa ubahili, ukikatika unajiviringisha kwenye ule mkubwa unaukata nao. Badilisha yote miwili, pamoja na tensheni na pampu ya maji, kazi moja.

Baada ya hapo majimaji ya breki, oili ya giaboksi, oili ya difu ya nyuma, na oili ya kasha la katikati linalogawa nguvu mbele na nyuma. Halafu bushi za chini, maana kwa umri huo raba zimekauka hata kama gari imetoka Japani ikiwa inang'aa. Tairi nunua za barabarani zenye ubora. Zile laini za uwanjani achana nazo, kwa lami yetu ya mchana zinaisha kabla hujazizoea, na kwenye mchanga mwembamba hazishiki. Nguvu usiongeze. Japani hizi gari zinakunywa petroli ya oktani 100, ya kwetu si hiyo, na fundi atakayekushawishi apandishe presha ya tabo bila kulijua hilo atakuchomea pistoni.

Kuhusu kununua, omba karatasi ya mnada, na uwe macho na daraja. Ikiandikwa R au RA ujue imewahi kurekebishwa. Halafu omba picha ya ndani ya buti, tairi la akiba likiwa limetolewa, na picha za sakafu kwenye kona nne ndani, kapeti limenyanyuliwa. Matundu ya bolti yaliyozibwa kwenye kona hizo maana yake iliwahi kufungwa keji, haijalishi muuzaji anakwambia ilikuwa ya mzee wa kwenda nayo sokoni. Silanti ya kiwandani kwenye maungio ya buti inakwenda mstari mmoja laini. Iliyopakwa kwa mkono ina mawimbi.

Ukipata moja iliyokuvutia, iweke picha zake hapa kabla hujalipa. Karatasi ya mnada nitaisoma na wewe mstari kwa mstari.